Hiyo sio manati, kaka

Desemba iliyopita kaka mmoja wa hapa Houston, Marekani, mtu wa Morogoro, alinipigia simu kuniuliza kama kuna ubaya kumnunulia mwanae wa miaka 10 bunduki ya upepo, maana dogo kaililia tangu kiangazi, madukani zimejaa, zipo rafu moja na ndoano za samaki na mahema, na bei yenyewe haifiki hata ya raba nzuri. "Dada, si ni kama manati tu? Sisi si wote tumekua na manati." Nikamwambia kaka usilipe kwanza, Jumapili ntapita kwako tuongee. Kazi yangu mimi ni kupiga picha hospitali, eksirei na CT, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa vipande, na madoa meupe ya gololi, yaani zile risasi ndogo za duara za bunduki hizi, kwenye picha za watoto nimeshayaona ya kutosha, kwahiyo swali lake lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu aliyeuliza ni mtu makini na anampenda mwanae. Aliuliza kwa kipimo alichonacho, na kipimo chenyewe ndo kibovu.

Manati ninayoijua ni panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu kilichochoka. Jiwe lake linapasua kichwa, linatoa jicho, wala sisemi halina madhara, nyumbani kuna watu wazima wana jicho moja mpaka leo kwa ajili ya manati. Ila jiwe ni kubwa, likikupiga linaishia kwenye ngozi, unavimba, unatoka damu, kila mtu anaona, mama anakimbia na maji ya chumvi. Gololi ya bunduki ya upepo ina upana wa milimita 4.5 na uzito kama theluthi moja ya gramu, kitu ambacho kinapotea kwenye mkunjo wa kiganja. Nguvu yote ya ile bunduki inakaa kwenye hicho kinukta. Inaingia, ngozi inajifunga nyuma yake, na kinachobaki nje ni kitundu kama mtu kachomwa na msumari mwembamba, damu tone moja mawili, basi. Mtoto anaweza akaifuta na fulana akaendelea kucheza, na wapo wanaofanya hivo kwa kuogopa kuchapwa.

Afu zile nyingine, peleti, ambazo sio duara, zina kiuno katikati kama ngoma, mara nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi. Yaani hapa Kiswahili chetu kinasema ukweli kuliko lebo ya dukani, maana madini yanaitwa risasi na kinachotoka kwenye bunduki kinaitwa risasi, hamna namna ya kulitamka hilo neno likawa la mchezo.

Mwendo nao. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, imeonya kwa miaka mingi kwamba bunduki za aina hii zinaweza kuua, kwamba zikipitisha futi 350 kwa sekunde, kama mita 107, hatari hiyo inaongezeka, na zile za mwendo mkubwa asishike mtoto chini ya miaka 16. Tume hiyo hiyo imekuwa ikitaja vifo kama 4 kwa mwaka. Sasa bunduki nyingi zinazouzwa huku zinapita hapo kwa mbali, na zipo zinazojisifia kwenye boksi futi 1,000 na kuendelea. Kuna zile za kupampu kwa mkono ambazo mimi naziogopa kuliko zote, kwa sababu ukipampu mara mbili tatu inatoka taratibu, ukipampu mara 10 inatoka na futi 700 na zaidi, bunduki ni ile ile, mtoto ni yule yule, tofauti ni mkono wake umechoka kiasi gani. Baba anaijaribu kwa pampu tatu anaona aa, hii haina shida, anamwachia. Mtoto akibaki na wenzake uwani wanashindana nani anapampu nyingi.

Na mwili wa mtoto sio mwili wa mtu mzima uliopunguzwa saizi. Mfupa wa kwenye panja ni mwembamba, paa la tundu la jicho ni kama ganda la yai, kwahiyo gololi ikiingia juu ya mboni haiishii kwenye jicho, inaendelea mpaka kwenye ubongo, na daktari akishughulika na jicho tu anakosa kitu kikubwa zaidi. Kifua chake ni laini na chembamba, kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye moyo ni safari fupi sana. Damu yenyewe ni kidogo, mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu hivi, ile chupa kubwa ya maji ya dukani, hiyo ndo damu yake yote. Akivuja glasi mbili ndani kwa ndani pasipoonekana, hali yake inabadilika ghafla.

Niwaambie kitu kimoja nilichokiona, sitasema wapi wala lini, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtu asijulikane. Aliletwa mtoto wa kiume kwangu na fomu inasema kitu kigeni kwenye nyama ya shingo, piga eksirei. Amekaa ametulia, plasta ya katuni shingoni, juisi ya boksi mkononi. Mama yake Mkongo, aliposikia jina langu akaanza kuongea Kiswahili kwa haraka kama mtu aliyekaa kimya siku nzima. "Ni kabunduki ka batoto, dada, banachezaka nako." Walishasubiri masaa pale mapokezi, na nilipouliza kwa nini nikaambiwa mkalimani wa kwenye simu alitafsiri kwamba mtoto kapigwa na bunduki ya toi. Ukiitwa toi unapangwa kwenye foleni ya toi. Simlaumu mama, hilo ndo jina alilopewa na mtaa. Hata jina lenyewe la kizungu la gololi hizi, BB, ukilitamka kwetu linasikika bibi, sasa mkalimani aliye mbali kwenye simu mbovu atashika nini hapo.

Nilipiga picha ya kwanza uso kwa uso na ya pili ubavu. Doa jeupe, duara safi, liko ndani kabisa, mbali na ile plasta. Nikamwambia mtoto, "Baba, niangalie nikupange kichwa vizuri," akaniangalia, nikaona kope ya kushoto imeshuka kidogo, kidogo tu, kama mtoto mwenye usingizi wa upande mmoja, na mboni ya jicho hilo ndogo kuliko mwenzake. Sikumrudisha kwenye foleni. Nilimtafuta daktari kwa miguu.

Nieleze kwa nini kope ilinitisha kuliko ile gololi. Kiswahili kinaita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu kwa neno moja, mishipa, na shingoni mwili nao unaiweka pamoja kweli. Ateri kubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, vena kubwa inayoirudisha, na neva kubwa inayoshuka kwenda kwenye moyo na tumbo vimefungwa kwenye mfuko mmoja, na nyuzi za fahamu zinazoinua kope na kutanua mboni zinapanda zimeambatana na ile ateri. Kwahiyo kope ikianguka ghafla baada ya kitu kuingia shingoni, ni ateri hiyo hiyo inayokuambia nimeguswa. Sauti ikikauka ghafla ni neva nyingine ya hapo hapo. Mkono ukilegea au ukifa ganzi, angalia lile fungu la neva linalotoka shingoni kupita chini ya mtulinga kwenda kwenye mkono. Ukiona neva imeumia shingoni, hesabu kwamba mshipa wa damu wa jirani yake nao umeumia mpaka picha ikukatalie.

Yule mtoto alifanyiwa CT ya kuchomwa dawa inayong'arisha mishipa. Gololi ilikuwa imelala ubavuni mwa ateri, haijaitoboa, lakini ukuta wa ndani wa mshipa ulikuwa umechanika na kadonge ka damu kameanza kujishika pale kwenye mchaniko. Hapo ndo nataka watu waelewe, maana tumezoea kufikiri hatari ya risasi ni kuvuja damu tu. Donge kama lile likibanduka linapanda na damu mpaka kwenye ubongo, linaziba, na mtoto anapata kiharusi. Kiharusi kabisa, kile cha babu, mkono na mguu wa upande mmoja unakufa, mdomo unakwenda upande, maneno yanagoma. Walimwanzishia dawa za kuzuia damu isigande na wakamweka chini ya uangalizi. Aliporudi kupigwa picha nyingine wiki kadhaa baadae donge lilikuwa limeisha, kope bado ilikuwa chini kidogo.

Mshipa ukiumia una njia nyingi za kukuumiza baadae. Ukuta ukitoboka kidogo, damu inaweza ikatengeneza puto nje ya mshipa, linadunda, linakua siku hadi siku, na likipasuka wiki mbili tatu mbele watu walishasahau kabisa habari ya gololi. Ateri na vena zikitobolewa pamoja zinaweza zikaungana, damu ikawa inakatiza njia ya mkato bila kufika inakotakiwa, ukiweka mkono hapo unasikia mtetemo kama paka anakoroma. Mguuni, nyuma ya goti au kwenye paja, ateri ikiziba mguu unapoa, unabadilika rangi, mtoto analia maumivu yasiyolingana na hicho kitundu, na mguu uliokosa damu una masaa, hauna siku.

Halafu kuna hili ambalo kila nikilieleza watu wanadhani naongeza chumvi. Gololi inasafiri. Ikiingia kwenye moyo au kwenye mshipa mkubwa haiwi lazima itoke upande wa pili, inaweza ikabaki ndani ikabebwa na damu kama kijiti kwenye mtaro. Ikiingia kwenye vena au upande wa kulia wa moyo inaenda kwenye mapafu. Ikiingia upande wa kushoto au kwenye ateri ya shingo, inaweza kupanda kichwani. Sasa ateri kuu ya kati ya ubongo ina upana wa kama milimita 3 hivi kwa mtu mzima, gololi ni 4.5, itapita wapi? Inakwama, na sehemu yote ya ubongo iliyokuwa inalishwa na huo mshipa inakosa damu. Visa vya namna hii vimeandikwa kwenye majarida ya udaktari, mtoto kapigwa kifuani, kidonda kifuani, alafu anapooza upande mmoja na gololi inakutwa kichwani. Kwetu sisi wa picha kuna kanuni, hesabu matundu, hesabu gololi. Kama tundu lipo, gololi haionekani hapo na hamna tundu la kutokea, unapiga picha mwili mzima mpaka uipate. Na kama picha ya asubuhi inaionyesha mahali na ya mchana inaionyesha pengine, mtu asikuambie umempanga mgonjwa vibaya. Imetembea.

Iliyoingia kwenye ubongo moja kwa moja ina hesabu zake. Mara nyingine madaktari wanaiacha huko huko, na wazazi wanakasirika, wanasema huyu ametelekezwa, kumbe kuifukua ndani ya ubongo kunaharibu zaidi ya kuiacha. Ila kuiacha sio kuisahau. Imeingia na nywele, uchafu, vipande vya mfupa, kwahiyo jipu la ubongo linaweza kuja baadae, kifafa kinaweza kuja miezi baada ya kidonda kupona, na hapa nawaomba wazazi wenzangu kwa heshima zote, mtoto aliyewahi kupigwa gololi kichwani akianza kuanguka na kukakamaa msianze kutafuta aliyemfanyia, rudini hospitali na muitaje ile gololi hata kama ilikuwa mwaka jana. Peleti ya risasi ikikaa kwenye kiungo kama goti, au kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, inayeyuka kidogo kidogo na sumu yake inaingia kwenye damu, kwahiyo kuna kipimo cha damu cha kufuatilia.

Kuna jambo la MRI pia, ile mashine ya picha inayotumia sumaku kubwa, hili ni la watu wazima. Ile fomu tunayowajazisha kabla ya kuingia kwenye mashine inauliza kama umewahi kuumizwa na kitu cha chuma, na mifano iliyoandikwa ni BB, risasi, vipande vya bomu. BB imetangulia. Waliotunga ile fomu walijua watu watasahau kitu gani. Gololi nyingi ni za chuma na sumaku ya MRI inazivuta, ikiwa karibu na jicho au kwenye ubongo hutaki isogee hata nywele moja. Mtu mwenye miaka 40 anajaza hapana, kwa sababu ya utotoni kwake ilikuwa mchezo na binamu zake.

Takwimu zipo na ni za wazi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliandika mwaka 2004 kwamba mwaka 2000 peke yake majeruhi wa bunduki hizi walikadiriwa 21,840, na kati ya 1990 na 2000 vilirekodiwa vifo 39, 32 vikiwa vya watoto chini ya miaka 15. Utafiti mwingine wa 2019 uliangalia mwaka 1990 hadi 2016 ukapata wastani wa watoto 13,486 kila mwaka kwenye vyumba vya dharura, kama asilimia 87 yao wa kiume. Kwa haki niseme pia kwamba kiwango kimeshuka zaidi ya nusu kwenye hiyo miaka, na nafurahi. Lakini kwenye utafiti huo huo kiwango cha majeraha ya macho kilipanda kwa asilimia 30, kwahiyo anayesema tatizo limeisha asome mpaka mwisho.

Kinachonichosha ni sheria. Kwa sheria ya taifa la Marekani hii sio bunduki, kwa sababu haitumii baruti, na kuna kifungu kinachozuia majimbo kupiga marufuku uuzaji wake, yanaruhusiwa tu kuzuia kuuziwa watoto. Mwaka 2001 ile tume ya CPSC iliishtaki kampuni ya Daisy, watengenezaji wa bunduki hizi, kuhusu aina mbili wanazoziita Powerline, bunduki kama milioni 7.5, ikidai gololi inaweza kujificha kwenye chemba, ukiitikisa husikii kitu, ukifyatua haitoki kitu, unaamini ni tupu, alafu mara inayofuata inatoka. Tume ilidai vifo visivyopungua 15 na majeruhi wakubwa 171. Kampuni ilikataa kwamba bunduki zina kasoro, na mwaka 2003 wakamaliza kwa makubaliano, dola milioni 1.5 za kampeni ya usalama na lebo za onyo, bunduki zikabaki kwenye makabati ya watu. Scotland wameenda njia nyingine. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili aliuawa Glasgow kwa bunduki ya upepo, watu wakapigania sheria muda mrefu, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 huwezi kumiliki moja bila leseni. England ng'ambo ya mpaka bado unanunua zile za nguvu ya kawaida bila leseni ukiwa na miaka 18. Mimi niko na Scotland, wazi kabisa. Kitu kinachopasua ateri ya mtoto kiombewe kibali.

Kwa sasa hapa tulipo, mtoto akipigwa, usichokonoe kwa pini wala kwa kibano, usimpe chakula maana anaweza kuhitaji kulazwa usingizi, kama kuna kitu kimechomeka usikivute. Piga 911, namba ya dharura ya huku. Na ukifika mapokezi usiseme toi, usiseme kibunduki, sema kwa Kiingereza "pellet gun" na "shot", sema sehemu ya mwili, na mwambie mkalimani arudie alichotafsiri. Kama ni shingo, kichwa, jicho, kifua au tumbo, uliza wazi wazi kama mishipa imepigwa picha. Una haki ya kuuliza. Wauguzi wengi ni watu wema waliochoka na swali lako linawasaidia.

Jumapili nilienda kwa yule kaka. Alikuwa ameshainunua, akaniambia kwa aibu kidogo kwamba ilikuwa sale. Tukatoka nyuma ya nyumba, shemeji ametoka na kopo tupu la maharage, lile la bati gumu, akaliweka juu ya kigogo. Kaka alipampu mara kumi, ya kumi alikunja uso. Akapiga. Kopo halikuanguka hata, likayumba tu, na mtoto akasema umekosa baba. Kaka akaenda akalichukua, akaligeuza geuza, mbele kulikuwa na kitundu huwezi kupitisha hata njugu, nyuma hamna kitu. Akalitikisa, tukasikia inalia ndani.

Akamwita mwanae, akampa alishike.